Mnara Umejaa, Umejaa Nini?

Siku Coastal Union inapocheza na Simba au Yanga pale Mkwakwani, simu za watu waliokaa jukwaa moja hufanya vituko tofauti. Kijana anayetaka kurusha video ya goli anaangalia kiduara kinazunguka mpaka anachoka. Aliyeketi pembeni yake anapiga simu nyumbani Makorora, inaita mara moja na sauti ni safi. Nje ya geti wakala wa pesa amefungua menyu ya *150*, imekubali hatua mbili za mwanzo, kisha imegoma kabla ya namba ya siri.

"Dada, imetoka?"

"Bado, mama, mtandao unazingua."

Wote watatu wako chini ya mnara mmoja, huenda hata laini zao ni za kampuni moja, na kila simu inaonyesha mistari minne ya mtandao. Maelezo tuliyozoea ni kwamba mnara umejaa. Si uongo, ila kama umejaa kwa wote, ile simu ya Makorora ilipitaje?

Jibu liko kwenye namna huduma mbalimbali zinavyogawana mawimbi ya redio: sauti, ujumbe mfupi, menyu za pesa, intaneti. Mgawo huo ulibadilika kabisa kutoka 2G hadi 5G. Na kwa kuwa vizazi hivi bado vinaishi pamoja, mara nyingi kwenye mnara uleule, mteja wa Tanga anatawaliwa na sheria za vizazi vyote ndani ya siku moja bila kuambiwa.

Kinachogawanywa ni masafa, na masafa hayaongezeki kwa kupenda. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, huipa kila kampuni ukanda wake, na nje ya hapo kampuni hairuhusiwi kurusha. Ukanda mpya hupatikana kwa kumhamisha mtu. Masafa ya megahezi 700, kwa mfano, yalikuwa sehemu ya eneo la televisheni. Yalipata nafasi ya kuingia kwenye simu baada ya mitambo ya analojia kuzimwa, kazi iliyoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuata mikoani, wakati ule ving'amuzi vilipoingia kila sebule kwa manung'uniko. Kwa hiyo kampuni ikishapewa chake, swali linabaki moja: ndani ya ukanda huo, nani apewe nini, na kwa muda gani?

2G ilijibu kwa kugawa moja kwa moja. Masafa hukatwa mikondo ya kilohezi 200, na kila mkondo hukatwa tena kwa muda, zamu 8 zinazojirudia kila baada ya milisekunde 4.6 hivi. Ukipiga simu unapewa zamu yako moja (au nusu yake, kampuni ikibana), na ni yako hadi ukate. Ukinyamaza ili umsikilize mwenzako, zamu inabaki yako. Ukiacha simu mezani ukaenda kuangalia wali jikoni, bado ni yako. Intaneti ya 2G, ile inayoonyesha herufi E, hupewa zamu zilizobaki, na sauti ikija mara nyingi inapishwa.

Katika zamu 8 za mkondo wa kwanza, angalau moja hutumika kwa shughuli za mnara wenyewe: kuita simu, kupokea maombi, kutoa maagizo. Tuseme zimebaki 7 za kuongelea. Hapa ndipo lipo jambo ambalo kila mfumo wa simu uliofuata umelizunguka. Mwaka 1917, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha fomula ya kukadiria ni wapigaji wangapi watakataliwa kwa idadi fulani ya njia. Fomula hiyo inasema hivi: ukiwa na njia 7, na ukakubali wapigaji 2 katika kila 100 wakose nafasi, utahudumia kwa wastani mazungumzo 2.9 tu kwa wakati mmoja. Njia nyingine lazima zikae tayari, kwa sababu watu hawapigi kwa foleni. Wanapiga kwa mafungu. Sasa chukua makundi mawili ya njia 7 uyaunganishe yawe kundi moja la 14. Wastani unapanda hadi 8.2. Yakiwa mbalimbali, makundi hayo mawili yangehudumia karibu 6 kwa jumla. Njia ni zilezile 14, wanaohudumiwa wameongezeka, na hakuna hata kilohezi moja iliyonunuliwa.

Faida yote ya kushirikiana mawimbi imo humo. Ukijenga kuta, upande mmoja utafurika huku upande wa pili ukikaa mtupu. Ukibomoa kuta, nafasi iliyolala ya mmoja inamfaa mwingine. Lakini kuta zikibomoka mtu lazima aamue nani atangulie, na uamuzi huo ndio unaokera pale Mkwakwani.

Turudi kwenye *150*. Kwenye 2G menyu hiyo haipiti kwenye zamu za kuongelea. Inapita kwenye vijia vidogo vya maagizo, vilevile vinavyobeba ujumbe mfupi, vinavyotumiwa na simu kujitambulisha inapoingia eneo jipya, na vinavyotumika kwa sekunde chache kuanzisha kila mazungumzo. Zamu moja ikitengwa kwa kazi hiyo hutoa vijia 8. Ujumbe mfupi unaingia na kutoka upesi. Muamala wa pesa hushikilia kijia chake tangu menyu inapofunguka hadi neno la mwisho, pamoja na muda wote mteja anapotafuta miwani ili asome namba ya anayetumiwa. Waliobuni GSM, yaani hiyo 2G yenyewe, katika miaka ya 1980 walitengeneza vijia hivi kwa maagizo mafupi kati ya simu na mtandao. Hawakuwa na habari kwamba kuanzia 2008, M-Pesa ilipoingia Tanzania, nusu ya soko la Mgandini ingekuwa inalipana humo. Ndiyo maana zamu za sauti zinaweza kuwa wazi huku miamala ikigoma: ni milango miwili tofauti, na kila mmoja unajaa kwa wakati wake.

3G nitaipita haraka. Ilitumia mikondo mipana ya megahezi 5 na kuwatenganisha watu kwa misimbo badala ya zamu. Mwanzoni kila mtu alipewa msimbo wake akae nao, tabia ileile ya 2G. Baadaye ukaja mkondo mkubwa wa pamoja kwa ajili ya intaneti, unaogawanywa upya kila milisekunde 2. Ndiyo ile herufi H juu ya kioo. Wazo la njia isiyo na mwenyewe lilipata nguvu hapo.

4G ikalichukua wazo hilo na kulifanya sheria ya nyumba nzima. Hakuna mtu mwenye njia yake, hata anayeongea kwa sauti. Masafa ya upana wa megahezi 20 hukatwa vipande 100, kila kimoja cha kilohezi 180, na vipande hivyo hugawanywa upya kila milisekunde moja. Kila kipande, kama watu wa Tanga wanavyojisifu, waja leo waondoka leo. Ukitaka picha, fikiria kile kivuko cha Pangani kwenda Bweni kikivuka mara elfu moja kwa sekunde. Hakuna abiria mwenye kiti cha kudumu. Kila safari foleni inapangwa upya: gari la wagonjwa linapita mbele, lori la mchanga linasubiri, na nafasi ikibaki, wenye baiskeli wanaingia.

Anayepanga foleni hiyo ni programu iliyomo kwenye mtambo wa mnara. Tumwite mpanga zamu. Kila milisekunde anapima mambo kadhaa, na la kwanza ni daraja la huduma. Kila mtiririko wa data umebandikwa namba. Sauti ya simu inayopita ndani ya 4G yenyewe, VoLTE, ina daraja la 1: pakiti zake, yaani vifurushi vidogo vya data, zisichelewe zaidi ya milisekunde 100 ndani ya mtandao. Intaneti ya kawaida, yaani karibu kila kitu unachofungua, kwa desturi huwa daraja la 9, na ahadi yake ni moja tu, kwamba itajaribiwa. Usidhani namba ndiyo nafasi ya kwenye foleni, kwa maana katika madaraja tisa ya msingi, linalotangulia yote ni la 5, lile la ishara za kuanzisha na kukata simu.

Basi yule aliyepiga Makorora hakuwa na bahati. Sauti yake ilikuwa pakiti ndogo kila milisekunde 20, jumla ya kilobiti kumi na kitu kwa sekunde. Kumtanguliza hakumgharimu mpanga zamu karibu chochote. Video ya goli inataka megabiti kadhaa kwa sekunde, iko daraja la mwisho, na inashindana na video nyingine mia tano za goli lilelile.

Jambo la pili ni ubora wa mawimbi kwa kila simu, na hapa hesabu inashangaza. Simu humwambia mnara mara kwa mara inasikia vizuri kiasi gani, kwa kipimo cha 1 hadi 15. Aliye kwenye 15 hubebewa biti 5.5 hivi katika kila alama inayorushwa, yaani kila pigo moja la mawimbi. Aliye kwenye 1 hubebewa biti 0.15. Maana yake ni kwamba mtu aliyejificha nyuma ya ukuta mnene wa nyumba ya mawe, akitaka picha ileile anayoitaka aliyesimama wazi mbele ya mnara, anaweza kula vipande 36 mahali mwenzake anakula kimoja. Bando zao zinapungua sawasawa. Mzigo wanaouweka kwa majirani zao ni mbingu na ardhi. Kila ninaposikia mtu analalamika kwamba mitandao inawapendelea wa mjini, hukumbuka kwamba sehemu ya upendeleo huo imo ndani ya fizikia yenyewe, ingawa si yote. Mnara mpya ungeiondoa, na mnara unajengwa palipo na pesa.

Je, mpanga zamu awape wenye 15 peke yao ili mnara upitishe data nyingi kuliko yote? Au awape wote kasi sawa, na wa mbali wamalize kila kitu? Njia inayotumika sana ni ya kati: mtu hupewa zamu pale hali yake ilipo nzuri kulinganisha na wastani wake mwenyewe. Mawimbi hupanda na kushuka kila mara kwa sababu ya magari, watu na kuta, hivyo hata wa mbali ana nyakati zake njema. Mpanga zamu humvizia hapo. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha werevu kinachostahili heshima kuliko kasi zote zinazotangazwa kwenye mabango.

Mistari minne kwenye kioo, kwa upande wake, haisemi lolote kuhusu foleni. Inapima nguvu ya ishara ambayo mnara unairusha ili simu ziusikie. Unaweza kuusikia vizuri sana mnara ambao hauna nafasi ya kukupa.

Wakala wa geti ana tatizo jingine tena. Simu janja yake ilikuwa imekaa kwenye 4G, na mara nyingi menyu ya *150* haipiti huko. Akiibonyeza, simu inashuka hadi 3G au 2G, inajitambulisha upya, inaomba kijia, ndipo menyu inafunguka. Angalia juu ya kioo utaona alama ikibadilika. Hali ni hiyohiyo kwa simu ya sauti kama kifaa au laini haina VoLTE: 4G inaachwa, na pengine intaneti inakatika mpaka mazungumzo yaishe. Ujumbe mfupi unaweza kufika bila kushuka. Kwa hiyo mawakala wengi wanaoshikilia kitochi chao kwa ajili ya miamala, na simu janja kwa ajili ya mambo yao, hawajapitwa na wakati. Kitochi tayari kipo 2G. Kinaokoa safari nzima ya kushuka.

Kuna foleni nyingine kabla ya foleni hizi zote. Simu iliyolala ikitaka kuamka lazima ipige hodi, na mnara haujui nani atapiga lini. Mtandao wa 4G umeweka hodi 64 tofauti kwa kila mlango. Simu huchagua moja kwa kubahatisha. Zikichagua moja simu mbili kwa mpigo, kuna uwezekano mkubwa angalau moja ishindwe, isubiri kidogo, ijaribu tena. Wazo hili la kurusha kwa kubahatisha na kurudia mkigongana lilijaribiwa Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971, kuunganisha kompyuta za visiwa kwa redio. Linafanya kazi vizuri sana watu wakiwa wachache na wametawanyika. Goli likiingia dakika ya 90, watu elfu kadhaa wanatoa simu mfukoni katika sekunde zilezile. Wanaogongana wanajaribu tena, wanagongana na wapya, na mlango unajaa hata kama ndani kuna vipande vitupu.

Kwa dharura ya namna hiyo laini zenyewe zimewekewa makundi. Kila laini ya raia iko katika kundi moja kati ya 0 na 9. Mnara ukielemewa unaweza kutangaza kwamba baadhi ya makundi yasipige hodi kwa muda. Makundi ya 11 hadi 15 yamewekwa kwa wafanyakazi wa mtandao, vyombo vya usalama, huduma za umma na za dharura, ili yapite raia wanapozuiwa. Kipaumbele, kumbe, kinaanzia nje ya mlango.

Sasa 5G, iliyoanza kuuzwa Tanzania 2022. Tatizo lake la kwanza ni makazi. Masafa mapana ya huko juu, karibu na megahezi 3500, yanaweza kubeba mkondo mmoja wa megahezi 100, lakini hayafiki mbali na yanachoka haraka kwenye kuta. Masafa ya chini yanafika, ila yamekaliwa na 4G, na wenye simu za 4G ni wengi mno kufukuzwa. Suluhisho mojawapo ni kuziweka 4G na 5G katika masafa yaleyale, mpanga zamu akigawa kila milisekunde kati ya vizazi viwili. Inawezekana kwa sababu 5G ilibuniwa iweze kutumia hatua zilezile za kilohezi 15 ndani ya vipande vyake. Gharama ipo. 4G hurusha alama zake za rejea (ile ishara inayopimwa na mistari minne) muda wote, hata saa tisa usiku mji mzima umelala, na 5G inalazimika kuziruka alama hizo kila inapopita. Kila kizazi pia kinahitaji nafasi yake ya maagizo. Jumla inayopita inapungua. Ukiona alama ya 5G iliyopatikana kwa njia hii, usitegemee muujiza. Ni masafa yaleyale, wakazi wawili.

Tatizo la pili ni huduma zisizoweza kusubiri hata milisekunde. Tuseme siku moja kreni za bandari ya Tanga zinaendeshwa kwa redio kutoka ofisini. Amri ya kusimamisha kreni haiwezi kukaa nyuma ya tamthilia ya mtu wa Chumbageni. Katika 5G zamu moja ina alama 14, na mnara unaruhusiwa kukatiza katikati: unachukua alama mbili kutoka kwenye data ya mtu mwingine, unarusha amri, kisha unaendelea. Aliyekatwa huweza kuambiwa baadaye kwamba pale katikati paliandikwa kitu kisicho chake, asipatilie maanani, na kilichoharibika kinarushwa tena. Yeye ataona video imekwama kidogo, au hataona kitu.

Kutoka hapo wamefika kwenye kuugawa mtandao mzima katika mitandao ya ndani, kila mmoja kwa kazi yake: simu za kawaida, mitambo isiyosubiri, vifaa vidogo kama mita. Simu moja inaweza kuwa ndani ya hadi 8 kwa wakati mmoja. Matangazo huonyesha picha ya barabara zilizotenganishwa, kila moja na rangi yake. Hewani hakuna barabara hizo. Kuna vipande vilevile na mpanga zamu yuleyule, ila safari hii amepewa namba tatu kwa kila kundi: asilimia ambayo ni ya kundi hilo peke yake hata isipotumika, asilimia linayohakikishiwa likiihitaji, na kiwango cha juu lisichoruhusiwa kuvuka.

Hapo Erlang anarudi na hesabu yake. Ukiijaza namba ya kwanza kwa kila kundi, umejenga upya kuta za 2G, na ile faida ya kuunganisha njia 7 na 7 imepotea. Ukiitegemea namba ya pili, kila kundi lina uhakika wake lakini kipande kikilala kinakopeshwa, na mwenyewe akija kinarudi. Ningekuwa mimi ndiye naandika masharti, namba ya kwanza ningeiacha karibu na sifuri isipokuwa kwa hospitali, zimamoto na mitambo inayoweza kuua mtu. Kampuni inayouza huduma maalumu kwa kiwanda au bandari itavutika upande wa pili, kwa sababu mteja mkubwa hulipia uhakika, na uhakika unaouzwa kirahisi ni ule wenye ukuta.

Nani anaandika namba hizo? Kiufundi ni mhandisi wa kampuni, kwenye kompyuta. Kibiashara ni mkataba. Mtu wa Ngamiani barabara ya 12 anayenunua bando la wiki hazioni popote. Anaona gigabaiti, dakika na siku ya kuisha muda.